Kumdai Mfanyakazi Hesabu Bila Kumvunja Moyo

Mwaka wa kwanza wa hadwea yangu, duka la vifaa vya ujenzi hapa Nakuru, nilifunga hesabu ya nusu mwaka nikakuta mifuko sita ya saruji haipo. Sikuuliza mengi. Nilipiga mfuko mmoja kwa shilingi 700, nikapata 4,200, nikagawa mara mbili, na mwisho wa mwezi vijana wawili wa stoo wakapokea mshahara uliopungua shilingi 2,100 kila mmoja. Hawakulalamika. Nikajiambia wameshika adabu.

Hesabu iliyofuata ilikosa mifuko tisa. Nilimwita mmoja wao nikaanza kufoka. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Lakini Mathe" (yaani mama, ndivyo wanavyoniita dukani), "si tutalipa tu?"

Jibu hilo lilinikaa kichwani wiki nzima. Kijana hakuwa na jeuri hata kidogo. Ni mimi niliyemfundisha kwamba mfuko ukipotea una bei yake, na bei ikishalipwa hakuna anayemdai mwenzake. Nilikuwa nimemuuzia saruji kwa mkopo, basi.

Hatua zinazofuata ni zile nilizojifunza baada ya hapo, nyingine kwa hasara. Duka langu lina watu tisa: wa kaunta, wa stoo, dereva na wapakiaji. Kama una karakana ya kuchomelea Bungoma, saluni Kisumu au agroveti Kitale, ondoa saruji uweke bidhaa yako. Mambo ni yale yale.

Hatua ya kwanza: anza na daftari lako mwenyewe

Kabla hujamwita mtu yeyote, jiulize kama wewe umetimiza ya kwako. Ulisema mshahara utatoka tarehe 5. Ulitoka tarehe ngapi? Tarehe 11, tena nusu nusu kwa M-Pesa? Mtu anayemkwepa mwenye nyumba kwa sababu yako hawezi kukaa chini akakusikiliza ukimhubiria kuhusu kuweka ahadi. Vivyo hivyo kwa siku ya ofu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na siku 21 za likizo yenye malipo baada ya kila miezi 12 ya kazi. Hiyo ya siku saba wenye maduka tunaijua vizuri sana, ila lori la mabati likifika siku ya mtu ya ofu tunaisahau ghafla.

Halafu kuna jambo ambalo wengi tunaliruka. Ile mifuko sita. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa natafuta picha fulani kwenye simu, nikakutana na picha ya choo nilichokuwa nikijenga kwenye ploti yangu ya Kiamunyi. Kando ya ukuta kuna mifuko miwili ya saruji. Ilitoka dukani kwangu! Niliichukua Jumapili, nikaitupa nyuma ya pikapu, sikuandika popote. Vijana wa watu walikuwa wamenichangia choo.

Niliwarudishia pesa zote, si za mifuko miwili tu, na nikawaambia sababu. Sitasema ilikuwa rahisi. Mmoja alicheka, mwingine hakucheka. Siku hiyo tulifungua ukurasa mpya katika daftari la stoo, ukaandikwa juu kwa herufi kubwa: MATHE. Kila ninachochukua kinaingia hapo, hata msumari.

Hatua ya pili: geuza "kuwa makini" kuwa kitu cha kuhesabika

Ukienda stoo ukamwambia kijana "chunga mali," ataitikia ndiyo, na utaondoka ukidhani mmeelewana. Hujamwambia lolote. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na stoo yangu ilikuwa na funguo tatu mikononi mwa watu watatu. Mali ilipopotea, kila mmoja alikuwa na wawili wa kuwanyooshea kidole.

Kwa hiyo kila kitu kipewe mtu mmoja, na mtu huyo aambiwe hasa kinachotakiwa. Kwa stoo yangu ni mambo matatu:

Mzigo ukifika, unahesabiwa ukishushwa, na hakuna kutia sahihi hati ya mzigo kabla hesabu haijalingana na karatasi. Mfuko uliopasuka unaandikwa kwenye hati hiyo hiyo dereva akiona.

Saruji ya zamani inatoka kwanza. Inapangwa juu ya mbao, mbali na ukuta, kwa sababu mvua ya Aprili ikishika, mfuko uliogusa sakafu unageuka jiwe na hakuna fundi atakayeugusa.

Hakuna kinachovuka mlango wa stoo bila risiti ya kaunta, na risiti ikishatumika inachanwa pembe.

Kwenye kaunta nako kuna yake. Mizani inarudi sifuri kabla ya kupima misumari. Malipo yote ya simu yanaingia kwenye tili ya duka. Hilo la tili halina mjadala: siku mteja anapoambiwa "nitumie kwa namba yangu, network ya tili inasumbua," umeshaanza kuendesha maduka mawili, na moja si lako.

Sasa, usimalize hapo. Muulize mwenye kazi anahitaji nini ili aweze kutimiza hayo. Mimi nilidhani kijana wa stoo angeniomba nyongeza ya mshahara. Aliomba kufuli moja ambalo ufunguo wake ataushika yeye, taa ya kona ya nyuma, na asitumwe chai wakati mzigo unashushwa. Hiyo ya chai ilinichoma, maana aliyekuwa akimtuma ni mimi. Kufuli na taa havikunigharimu hata thamani ya mifuko mitatu.

Yaandikwe. Sheria inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Na usijifiche nyuma ya neno kibarua: mtu unayemlipa kila jioni, akishakufanyia kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, sheria inamhesabu kuwa ana mkataba wa kulipwa kwa mwezi, pamoja na haki ya notisi inayoambatana nao. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unatosha. Mimi ninausoma kwa sauti tukiwa wawili, kisha yeye ananieleza alichoelewa kwa maneno yake. Mara nyingi ni hapo tunapogundua kwamba tulikuwa tunazungumza mambo mawili tofauti.

Hatua ya tatu: hesabu kidogo, hesabu mara nyingi

Hesabu ya nusu mwaka ni kesi ya mauaji ambayo mashahidi wote wamesahau. Nani atakumbuka ni lori gani lililokuja pungufu mwezi Februari? Kitakachobaki ni kushukiana.

Siku hizi kijana wa stoo anahesabu vitu vitano kila jioni kabla ya kufunga. Jumatatu saruji na nondo, Jumanne mabati ya unene wa geji 28 na geji 30, na kadhalika, hadi wiki ikiisha tumezunguka vyote vyenye thamani. Inachukua kama dakika 15. Anahesabu yeye mwenyewe na kuandika yeye mwenyewe, halafu mimi mara moja kwa wiki nachagua vitu viwili bila kumwambia na kuvihesabu upya. Tukilingana natia sahihi. Tukitofautiana tunahesabu pamoja.

Kuna kilichonishangaza hapa. Wiki za kwanza alinuna, akaona namchunga. Baada ya mwezi ndiye aliyekuwa akinifuata kaunta: "Mathe, njoo uone, nondo za milimita 12 zimebaki nane, agiza." Mtu akizijua namba zake anaanza kuzionea fahari. Akiambiwa namba na mtu mwingine, tena za miezi sita iliyopita, anaona ametegewa.

Neno moja kuhusu grupu la WhatsApp la kazini. Hesabu isipelekwe huko. Nimewahi kuandika saa nne usiku, "Nani alihusika na rangi ya leo???" na alama tatu za kuuliza. Asubuhi hakuna aliyenisalimia vizuri, na rangi haikupatikana.

Hatua ya nne: zungumza siku hiyo hiyo, mkiwa wawili

Tofauti ikionekana leo, izungumzwe leo, au kesho asubuhi kama umepandwa na hasira. Nje ya masikio ya wateja na wenzake. Sisi hutumia benchi la nyuma, penye mapipa.

Anza na ulichokiona, si na unachokishuku. Kisha uliza swali moja na unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Mwenye duka akikaa kimya sekunde kumi anahisi anaumwa. Mazungumzo yetu huenda hivi:

"Jana kitabu kilisema mabati ya geji 28 ni 64. Leo nimehesabu 61, na risiti za leo hazina mabati. Nisaidie kuelewa."

(Kimya.)

"Mathe, yule fundi anayetoka Bahati alirudisha geji 30 akachukua geji 28. Nilimbadilishia."

"Uliandika wapi?"

"Sikuandika. Kulikuwa na watu wengi."

"Sawa. Kesho akija mwingine wa kubadilisha, tutafanyaje?"

Ona kwamba swali la mwisho ni "tutafanyaje." Dawa aliitoa yeye: kijitabu cha kubadilishana bidhaa, kimefungwa kwa kamba mlangoni pa stoo. Mimi ningekuja na fomu ya kurasa mbili ambayo hakuna angeijaza.

Si kila kosa linatokana na uzembe, na hapa ndipo subira inapolipa. Dada wa kaunta alikuwa akichelewa dakika 30 karibu kila siku. Nilikuwa tayari nimemchoka. Nilipomuuliza, nikajua kwamba anatoka upande wa Njoro na hawezi kuondoka nyumbani kabla hajamfikisha mtoto shuleni. Tulikubaliana aingie saa mbili unusu na yeye ndiye afunge jioni, kazi ambayo wenzake walikuwa wakiikimbia. Baada ya hapo nikawa mkali kuhusu saa mbili unusu kuliko nilivyokuwa kuhusu saa mbili. Tulikubaliana, basi ni ahadi. Alipochelewa tena mara mbili tulirudi kwenye benchi.

Epuka maneno mawili: "nyinyi watu." Nakuru ni mji wa mchanganyiko, na waliokuwa hapa wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, hawahitaji kukumbushwa mchanganyiko huo ukichafuka unakuwaje. Ukimkemea Mjaluo kwa kosa ambalo jana ulimsamehe Mkikuyu, au kinyume chake, hakuna atakayezungumzia kosa tena. Watazungumzia kabila, na hutakuwa na la kujitetea. Ndugu ni hivyo hivyo. Nilimwajiri mpwa wangu, na kwa miezi minne yeye peke yake hakuwa akiandika kwenye kitabu. Wote walikuwa wakiniangalia nione au nisione. Nilipompeleka benchi kama wengine, dada yangu alinipigia simu jioni hiyo. Iwe hivyo. Dukani hali ya hewa ilibadilika asubuhi iliyofuata.

Hatua ya tano: acha kukata mshahara kimya kimya

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo desturi iliyoenea kuliko zote, kuanzia Kondele kule Kisumu hadi Kakamega, na wengi tunaamini ndiyo uwajibikaji wenyewe. Sahani imevunjika, kata. Shoti kwenye droo, yaani pesa zimepungua, kata.

Kwanza, sheria haikuruhusu vile unavyodhani. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinataja makato yanayokubalika. Kwa mali iliyoharibika au kupotea, unaweza kukata kiasi cha haki pale tu hasara ilipotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Mfuko uliopasuka kwa kuteleza kwenye tope haumo. Kwa shoti ya pesa taslimu, unaweza kukata ikiwa imetokana na uzembe au udanganyifu, na ikiwa mkataba wa mtu huyo unasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Kijana wa stoo uliyemwita kaunta dakika tano ukaenda msalani hana mkataba huo. Siku ambayo mtu hakuja bila ruhusa, huwezi kukata zaidi ya mshahara wa siku hiyo. Na makato yote yakijumlishwa hayapaswi kupita theluthi mbili ya mshahara. Wapo wanaoisoma hiyo theluthi mbili kama kibali cha kukata hadi hapo. Ni ukuta wa mwisho tu.

Pili, hata pale sheria inaporuhusu, fikiria unanunua nini. Kato la kimya linafunga mazungumzo. Hutajua mifuko iliendaje, na njia iliyoitoa bado iko wazi. Mbaya zaidi, waliokatwa bila kosa wanatafuta namna ya kufidia, na dukani hawakosi.

Badala yake, mwenye kosa alirekebishe kwa kazi. Aliyepokea mzigo pungufu ndiye anayempigia msambazaji simu na kufuatilia hadi mifuko iletwe au hesabu ipunguzwe. Aliyeuza rangi ya mafuta kwa bei ya rangi ya maji ndiye anayeandika upya vibandiko vya bei vya rafu nzima. Haya yanachosha na hayamtoi mtu chakula mdomoni. Na pale ninapolazimika kukata kihalali, tunaketi kwanza, namwonyesha hesabu, anatoa maelezo yake, tunaandika kiasi na sababu, na kato hilo linaonekana kwenye karatasi ya mshahara. Imetokea mara mbili tu kwa miaka yote hii.

Hatua ya sita: mambo yakikataa, fuata karatasi

Kuna mtu utazungumza naye mara tatu, mtabadilisha saa, mtanunua kufuli, na bado. Kumfumbia macho ni kuwaadhibu wale wanaofanya kazi yake.

Andika barua ya onyo yenye tarehe, kosa lenyewe, mlichokubaliana awali, na muda wa kujirekebisha. Ikiwa umefika mahali pa kufikiria kumwachisha kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbovu, Kifungu cha 41 kinakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi anayemchagua yeye, na usikilize maelezo ya wote wawili kabla ya kuamua. Hata kwa makosa makubwa yanayoruhusu kufukuzwa papo hapo, yaliyo katika Kifungu cha 44, kusikilizwa kupo pale pale. Mimi humpa barua ya kujieleza, nampa siku kadhaa za kujibu, ndipo tunakutana. Anayeandika kumbukumbu za kikao asiwe mimi.

Usione ni urasimu wa makampuni makubwa. Nakuru na Kisumu zina mahakama ya ajira na mahusiano ya kazi, na ukishindwa kuthibitisha sababu au ukiruka utaratibu, unaweza kuamriwa kulipa fidia inayofika mshahara wa miezi 12. Duka la watu tisa haliamki kutoka kwa pigo hilo.

Na kama ni wizi wenye ushahidi, ripoti polisi kama wizi. Kumpeleka mtu kituoni ili "atishwe kidogo alipe" ni mchezo mchafu, nao humrudia aliyeuanza.

Hatua ya saba: mpe mamlaka ya kiasi unachomdai

Hii ni fupi. Ukimdai mtu hesabu ya mlango, mpe nguvu ya kuufunga. Kijana wangu wa stoo anaweza kukataa mzigo wenye mifuko iliyoganda bila kunipigia simu, hata kama dereva anasema anajuana na mimi. Dada wa kaunta ana punguzo lake ambalo anaweza kumpa mteja bila kuniuliza, na kikomo chake kimeandikwa. Sifa nazo zitolewe kwa jambo mahususi: "Ulivyoikataa ile mifuko 20 ya Alhamisi uliniokoa" ina uzito kuliko "mnafanya kazi nzuri" ya mkutano wa mwisho wa mwaka. Bonasi usiahidi kama huna. Ukiahidi, rudi hatua ya kwanza.

Juzi Jumamosi jioni nilikuwa na haraka, naenda ploti. Nilichukua kopo la lita nne la rangi nyeupe na brashi mbili, nikawa tayari nimeshika mlango wa pikapu. Kijana wa stoo akatoka na daftari mkononi, kalamu ikiwa katikati ya kurasa.

"Mathe, andika kwanza."

Nilimwambia nitaandika Jumatatu. Hakuondoka mbele ya mlango wa pikapu. Nikaweka kopo chini, nikafungua ukurasa wangu, nikaandika.